Sentensi ya Kiingereza Iliyomrudisha Mgeni Wetu

Mama Methusela, shikamoo. Mimi ni Nasra, kwetu Kondoa lakini nimeolewa huku Ihumwa, na gazeti likifika kikundini kwetu ukurasa wako ndio tunaouanza, tunasomeana kwa sauti huku tukichambua zabibu, kwa hiyo usishangae nikikuandikia kama mtu anayekujua. Nina jambo, mama, nina furaha na nina hofu, vyote viko kifuani kwa wakati mmoja, maana Jumamosi mgeni wetu anarudi, watu wote wanashangilia, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwa nini anarudi.

Kikundi chetu kinaitwa Tujaribu. Tuko akina mama wa Kigogo, wa Kirangi na wengine waliohamia, tunalima zabibu, tunakamua juisi na nyingine tunazikausha, juisi tupu isiyo na kilevi, ndiyo maana hata sisi Waislamu tumo bila shida. Mwenyekiti ni Mama Violeth, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya reli na akageuka, ambaye ndiye aliyeianzisha kazi hii jikoni kwake kwa sufuria na kitambaa cha kuchujia wakati wenzake wakimwambia anacheza. Mimi ni katibu, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na niliwahi kukaa mapokezi kwenye ofisi moja pale mjini.

Basi akaja mgeni kutoka Lusaka, Zambia, anaitwa Charles, ana maduka ya vyakula huko kwao na alikuwa anatafuta juisi. Aliletwa na Daudi, dalali wa mazao hapa Dodoma, ambaye pia ni mtoto wa kaka yake Mama Violeth, na kwa kuwa mgeni anaongea Kiingereza, Daudi ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mgeni akaonja, akaonja tena, akaomba nyingine, tukampigia ngoma, akacheza mpaka shati likamtoka kwenye suruali, halafu akaaga akisema atafikiria. Atafikiria! Unajua mwenyewe neno hilo likitoka kwa mnunuzi linavyokatisha tamaa.

Mama Violeth akaniambia, "Nasra, mwandikie shukrani kabla hajatusahau. Na uweke Kiingereza kizito, siyo hicho cha thank you, thank you."

Hapo ndipo nilipojiingiza, mama. Nikakumbuka zamani nikiwa mapokezi, siku moja bosi alitoka kwenye kikao, anatabasamu hivi, akamwambia mwenzake, "That meeting left a taste in my mouth," wakaangaliana, wakaondoka. Na siku hiyo kikao kilikuwa na pilau! Mimi nikaelewa kwamba anakisifu kikao, kwamba kimemwachia ladha mdomoni isiyokwisha, kama sisi tunavyosema utamu bado uko mdomoni, nikaliweka neno hilo akiba, nikisubiri siku ya kulitumia. Siku ikafika. Nikamwandikia mgeni kwa simu, nikashukuru kwa ujio wake, halafu mwishoni nikaandika hivi: "Your visit has left a taste in our mouths, and we will never forget it." Nikamsomea Mama Violeth, nikamwambia maana yake ni kwamba ziara yako imetuachia utamu mdomoni na hatutaisahau kamwe. Akapiga makofi. Nikatuma.

Kesho yake asubuhi tunaosha chupa, simu ikalia. Ni yeye.

"Nasra," akasema, kwa Kiingereza, lakini pole pole ili nimwelewe, "nimeusoma ujumbe wako mara nyingi. Naomba mnisamehe."

Nikasema, "Tukusamehe nini, kaka Charles?"

"Usinifiche. Umesema mwenyewe. Mlimsikia Daudi, siyo? Pale tulipokuwa tunaingia kwenye gari."

Mama Methusela, mimi sikusikia kitu, pale ngoma ilikuwa inalia, nani angesikia? Lakini sikuelewa anauliza nini, nikanyamaza, na yeye akachukua ule ukimya wangu kuwa ndiyo, akaanza kumwaga yote. Akasema Daudi alimwambia kwamba akikubali kununua, jina la Tujaribu litaondolewa kwenye chupa, libandikwe jina la kampuni ya Daudi mwenyewe, kwa sababu hawa akina mama Kiingereza hawajui na hakuna atakayezifuata chupa mpaka Lusaka kuangalia zimeandikwaje. "Na mimi nikacheka," akasema. "Mmetoka kunichezea ngoma na mimi nikacheka. Tangu siku hiyo sina amani. Nakuja Jumamosi, mimi mwenyewe, niwaombe radhi wote, na tuandikiane mkataba wa haki. Daudi hajui kama nimekupigia."

Wakati huo Mama Violeth ananivuta mkono. "Anasemaje? Nasra, anasemaje?"

Nikasema lililokuwa karibu na ulimi. "Anasema anarudi Jumamosi. Na mkataba."

Mama, vigelegele vilivyopigwa pale! Mmoja akaangusha beseni, mwingine akaanza kucheza na chupa mkononi, Mama Violeth akanibeba, kweli kabisa akaniinua juu mimi mtu mzima mwenye watoto wawili, akasema Kiingereza changu kimemrudisha mgeni. Na mimi nilifurahi, sitakudanganya, nilifurahi mpaka nikalia.

Mchana nikampigia rafiki yangu Asma, anafundisha Kiingereza sekondari, nikamsomea ile sentensi. Akaniomba niirudie, kisha akacheka mpaka nikasikia kiti kinagonga ukuta. "Nasra wewe! Hiyo ladha ni chungu! Umemwambia mgeni kwamba amewaudhi na hamtamsahau kwa ubaya wake!"

Sasa niko hapa. Vitenge vya sare vimeshonwa, mbuzi amepatikana, na Daudi amealikwa na shangazi yake kuja kutafsiri akiwa mbele kabisa. Na kibaya zaidi, Mama Violeth ameagiza bango kubwa la kutundika langoni, na anataka lichapwe ile sentensi, kwa herufi nyekundu, kwa sababu anasema ina baraka. Nikimwambia mgeni ukweli kwamba nilikosea Kiingereza na hakuna aliyesikia lolote, si atageuza gari? Nikinyamaza, nitapokea msamaha wa jambo ambalo sikulijua, na sifa ya kitu nilichokiharibu. Nikimwambia Mama Violeth kuhusu Daudi, namvunja moyo kwa mtoto aliyemlea baada ya kaka yake kufariki. Na aibu yangu mimi naipeleka wapi? Nishike lipi, mama?

Nasra, Ihumwa


MAMA METHUSELA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekupigia simu kwanza kwa sababu Jumamosi yako haiwezi kulisubiri gazeti, na haya ninayoandika ndiyo niliyokuambia kwa mdomo. Nayaweka hapa kwa faida ya wengine, maana najua hauko peke yako. Ofisi za mji huu zimejaa watu wanaookota sentensi za Kiingereza mlangoni na kuzivaa bila kuzijaribu.

Tuanze na bango. Simamisha bango. Tukikata simu hii tu, umpigie fundi. Mtu atakayepita hapo langoni akijua Kiingereza atadhani mmempania mgeni ubaya.

Sasa nikukaripie kidogo, halafu nikupe pole. Ulimsikia bosi mara moja, ukaona tabasamu, ukaona pilau, ukaamua maana. Mtu anaweza kutabasamu kwa hasira, Nasra! Watu wa ofisini ndivyo wanavyokasirika. Waingereza wakisema jambo fulani "left a taste in my mouth", au kwa ukamilifu "left a bad taste in my mouth", wanasema jambo limekwisha lakini uchungu wake umebaki. Hata wasipoutaja ubaya, msikilizaji anauongeza mwenyewe. Kwetu utamu ukibaki mdomoni ni sifa. Kwao kitu kikibaki mdomoni, ni kile ungependa kukitema. Wewe ulichukua wazo letu zuri ukalivika nguo zao, na nguo hizo zilikuwa za msibani.

Na itumike lini? Fikiria umealikwa harusini, chakula kizuri, muziki mzuri, halafu mwenye sherehe akamtukana mpishi mbele ya wageni. Unaondoka umeshiba lakini moyo haujatulia. Hapo sentensi hiyo ina kazi. Lakini ukame ukiharibu shamba lako, usiandike kwamba ukame umekuachia ladha mdomoni. Ukame umekuachia njaa, sema njaa. Maneno haya ni ya tendo la mtu lililopita likaacha kinyongo. Ukitaka kusema mgeni amewaachia furaha, andika kwamba bado mnaizungumza ziara yake kwa furaha. "We still talk about your visit with joy." Kiingereza chepesi, hakimjeruhi mtu. Uzito alioutaka Mama Violeth hauko kwenye neno gumu, uko kwenye neno lililokaa mahali pake.

Haya, sasa habari yenyewe. Naona unahangaika na aibu ya Kiingereza kana kwamba ndiyo kubwa. Siyo kubwa! Kubwa ni kwamba mtu alitaka kufuta jina lenu kwenye jasho lenu, na umelijua kabla hamjatia saini. Mwanangu, unalia nini? Hiyo ni bahati ya ajabu! Mimi nilipoisoma barua yako nilisimama nikaizunguka meza.

Lakini bahati hiyo usiile peke yako, na usiile kwa uongo. Mwambie Mama Violeth. Kesho asubuhi, kabla wenzenu hawajafika, mkiwa wawili tu. Usianze na Daudi. Anza na kosa lako, likutoke mdomoni likiwa zima, acha akucheke au akugombeze, kisha ndipo umwambie maneno ya simu kama yalivyosemwa, bila kuongeza chumvi na bila kumwita Daudi jina lolote. Unasema utamvunja moyo. Atavunjika zaidi akiyasikia mbele ya mgeni, amevaa sare, mpwa wake amekaa pembeni anatafsiri. Hicho ndicho kitakachotokea Jumamosi usiposema. Hujaliona hilo?

Mgeni naye mwambie ukweli, uso kwa uso, akishafika na akishasema lake. Ukimwambia leo kwenye simu utampa mlango wa kutokea. Akisimama mbele yenu, mwambie hukusikia kitu, ulikosea sentensi. Kama ni mtu wa kweli, atabaki. Kama ni wa kugeuza gari kwa sababu hiyo, mtakuwa mmemjua kabla ya chupa zenu kuvuka mpaka.

Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, jina la Tujaribu liwe ndani yake kwa kutajwa, kwamba litabandikwa kwenye kila chupa, na usomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote kabla mtu hajashika kalamu. Atafsiri mtu asiye na faida ndani yake. Huyo rafiki yako mwalimu, akimaliza kucheka, aje afanye kazi.

Na Daudi mwachie shangazi yake. Wewe si hakimu wake. Wewe ni katibu.


NASRA AMETUANDIKIA TENA

Mama Methusela, shikamoo tena, na pole kwa mwandiko, naandika haraka kwa furaha. Mama Violeth anasema uyachape yote pamoja na majina yetu, na Daudi pia ameulizwa na amekubali, kwa hiyo usifiche kitu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimkuta Mama Violeth anawasha moto, nikamwambia ile sentensi ilikuwa na maana gani. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo tulimtukana mgeni wa watu!" akasema. "Na mimi nikapiga makofi!" Kisha nikamweleza ya Daudi. Kicheko kikaondoka usoni kama mtu amekifuta kwa kanga. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kuni moja motoni, akaweka nyingine, moto ukawa mkubwa kuliko sufuria, nikaogopa kumwambia. Mwishoni akauliza, "Alisema hakuna atakayezifuata chupa mpaka Lusaka?"

Nikasema, "Ndivyo mgeni alivyosema."

"Haya. Mwache aje. Usimwambie mtu."

Jumamosi wakaja wote. Daudi amevaa koti, anasalimia watu kama mwenye shughuli. Akaenda kusimama karibu na mgeni, tayari kutafsiri, na Mama Violeth akamwita kwa ile sauti yake, ngoma ikanyamaza yenyewe. "Daudi, njoo ukae hapa karibu na mimi. Leo hutafsiri. Leo utasikiliza."

Asma akasimama. Mgeni akasema yote, mama. Hakupunguza. Alisema alichoambiwa, akasema yeye alicheka, akasema ameona haya. Asma akatafsiri neno kwa neno. Mimi nilisikia mbuzi anavyochemka jikoni. Wote wakamwangalia Daudi, na Daudi akaangalia viatu vyake.

Kabla sijapoteza ujasiri nikasimama, nikasema kwa Kiingereza changu hicho hicho kwamba hakuna aliyesikia kitu siku ile, kwamba mimi nilitaka kuandika utamu nikaandika uchungu. Mgeni akanitazama. "Hakuna aliyesikia?"

"Hakuna."

Akavua miwani, akacheka, akafuta macho, akacheka tena, watu wote wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini mpaka Asma alipowaeleza, hapo tena ikawa fujo, mwingine alianguka kwenye mkeka. Kisha mgeni akasema jambo ambalo sitalisahau. Alisema, "Kama Kiingereza chako kingekuwa kizuri, leo mimi ningekuwa Lusaka nabandika jina la uongo."

Daudi akasimama. Nilidhani anaondoka. Akamgeukia Mama Violeth, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na lile koti lake. "Shangazi, nilijua mnaniamini, ndiyo maana niliona ni rahisi. Nisamehe."

Mama Violeth akamshika bega. "Nimekusikia," akasema. "Udalali wako kwetu umekwisha, hilo usiniombe tena. Lakini wewe ni mtoto wangu. Inuka, ukale." Halafu akageuka upande mwingine akajifuta macho kwa kitenge, na sote tukajifanya hatukumwona.

Mkataba ukasomwa kwa lugha mbili. Ulipofika mahali palipoandikwa Tujaribu, Mama Violeth alisema, "Rudia hapo," Asma akarudia, akasema, "Rudia tena," akarudia, ndipo akatia saini.

Leo lori la kwanza limeondoka, mama! Tumepakia tangu jua linachomoza, na Daudi alikuja bila kuitwa, bila koti, akabeba makreti na sisi mpaka mwisho, hakusema sana. Kila chupa ina jina letu. Dereva alipowasha gari, Mama Violeth akafungua mlango wa mbele akapanda. Tukamuuliza, mwenyekiti, unakwenda wapi? Akasema, "Nalisindikiza tu mpaka mjini, nitashuka pale stendi." Tukapiga vigelegele, lori likaenda.

Nimemaliza kukuandikia hivi na simu imeita sasa hivi. Ni yeye. Mama Violeth yuko Mtera, njia ya Iringa kuelekea Zambia, anasema bwawa limejaa, samaki wa pale ni watamu, dereva ni kijana mwenye adabu, na nimwambie mume wake asimsubirie chakula.